Ukoko wa Namfukwe

Usiku wa kuamkia leo niliota niko palepale kazini, ndani ya shimo la takataka la boma la mkoloni, kule mpakani. Hata ndotoni sipumziki, jamani.

Mchana huwa tunachambua mifupa humo, sisi wachimbuaji wa mambo ya kale. Iliyokatwa kwa msumeno, bosi wetu anasema ni ya mabwana. Iliyopasuliwa kwa shoka ni ya askari na watumishi. "Alichokula mtu ndicho alichokuwa," anasema. Mimi nilikuja kumtafuta Namfukwe, mama yake bibi yangu Skola. Alichukuliwa akapike bomani, hakurudi. Bibi ndiye kitinda mimba wake, na hadi leo, mgonjwa hoi kitandani, anauliza, "Mama kaniwekea ukoko?" Maana kwetu ukoko wa chungu ni haki ya kitinda mimba, na siku ile aliambiwa angoje.

Basi. Mlangoni pa boma limesimama taya la ng'ombe, limevaa kofia ya askari.

"Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Mkate unapita barazani. Ugali unapita nyuma. Wali hauna mlango."

Nikapita dirishani. Taya likatazama pembeni, likajifanya halijaona.

Sebule kumbe ni jiko. Mkebe wa nyama unanisalimia. "Mimi ni ng'ombe wa hapahapa," unasema. "Nilipelekwa ng'ambo, nikarudi ndani ya bati, na ufunguo wa kunifungulia." Nikaupa pole.

Mbele ya meko mwanamke anakoroga supu ya mabwana. Ana kidevu cha bibi yangu, kilekile. Nyuma ya sufuria amekificha chungu kidogo cha ugali wa ulezi.

"Bibi Namfukwe, twende nyumbani. Mwanao anakungoja."

"Nitatokea wapi, kitukuu changu? Kila siku naonja supu yao nijue chumvi. Nikienda mlango wa nyuma, taya linasema nimekula cha mabwana. Nikienda wa mbele, linaniuliza mimi ni bwana gani. Kijiko kimoja tu, Ferista! Na supu yenyewe wala si tamu."

Nikamvuta mkono, mkono ukaja, yeye akabaki. Nikamrudishia, akaupachika mwenyewe begani, akaendelea kukoroga.

Kisha akabandua ukoko wa kile chungu, akaufungia kwenye kipande cha kanga. "Mpelekee. Mwambie sikumsahau hata siku moja."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

"Umebeba nini?" taya linauliza.

"Ukoko."

Likafikiri sana. "Hicho si chakula, ni mabaki. Pita."

Nikapita nalia. Nje si shimo tena, ni uani kwetu. Bibi Skola amekaa kwenye kigoda, ana meno ya utotoni. Nikampa. Akatafuna wote, hakunibakizia hata chembe.

Simu ikaniamsha. Mama.

"Ferista, mwanangu, jikaze. Bibi yako ametutoka alfajiri."

Nililia mpaka wenzangu wakatoka kwenye mahema yao. Mama naye alilia, halafu akashusha sauti.

"Hebu niambie. Jana alikunywa uji wa mchele tu, vijiko viwili akakataa. Ulezi humu ndani hatuna tangu mwaka jana. Sasa tumemwosha, tumemkuta na ukoko wa ulezi mdomoni. Nani kampa?"

"Mama yake," nikasema.