Barua kwa Mama yake Yefim

Luteni Gleb Ardashev alifika kwenye ngome yetu ya Kaukazi akiwa na miaka ishirini na miwili na daftari lililojaa hadithi za vita, ilhali vita vyenyewe alikuwa hajaviona. Mimi nilikuwa mganga wa kikosi. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo alinisomea zote. Mashujaa wake wote walikufa wakitabasamu.

Siku moja kamanda wetu, Kanali Avdey Lukich Torbeyev, mzee mnene mwenye mguu mbovu na ulimi mkali, akamwita.

"Nasikia wewe mwandishi."

"Najaribu tu, afande."

"Haya. Yule askari Yefim tulimzika jana. Mwandikie mama yake."

Gleb akajaza ukurasa: Yefim alipigana kama tai, akafa kwa ajili ya Mfalme. Kanali akausoma, akamrudishia.

"Tai! Yefim aliyekuwa akimkimbia bata mzinga wa mpishi? Na kafa kwa homa, muulize mganga. Mama akisoma haya atamjuaje mwanawe? Nenda kawaulize wenzake."

"Niwaulize nini, afande?"

"Alipenda nini. Alimchekesha nani. Nenda, mwanangu."

Gleb akaenda kuketi na askari wakila supu ya kabichi. Mwanzoni waliinamia bakuli zao, maana ofisa kukaa nao halikuwa jambo la kawaida. Kisha mmoja akasema Yefim aliimba vibaya kupita kiasi, lakini hakuna aliyemnyamazisha, maana aliimba huku akiwashonea viatu. Mwingine akasema sukari yake alimpa farasi. Nami nikamwambia kwamba alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono. Gleb akayaandika hayo, basi.

Majibu ya mama yalikuja baada ya miezi miwili, kwa mwandiko wa shemasi wa kijiji: "Ndiye. Kuimba vibaya alirithi kwa baba yake. Nimecheka, kisha nikalia. Tangu nipate taarifa ya jeshi machozi yalikuwa yamegoma."

Gleb alimsomea kanali. Mzee akageukia dirishani, akapenga kamasi kwa muda mrefu, akailaani tumbaku.

Jioni ile Gleb alilitupa daftari la mashujaa motoni, likateketea. Akawaandikia mama wa marehemu wengine barua kama ile kwa miaka mitatu. Alipoacha jeshi na kuanza kutoa vitabu, wasomaji walishangaa jinsi askari wake walivyofanana na ndugu zao.

Kanali alistaafu, akaishi Kaluga kwa dada yake. Macho yake yalipofifia, Gleb alikwenda kila majira ya baridi kumsomea kazi mpya. Mwaka mmoja tulikwenda pamoja.

"Simama hapo," mzee akamkatiza. "Huyu jenerali wako hana hata mafua?"

"Ni jenerali, Avdey Lukich!"

"Majenerali nawajua mimi. Mpe mafua."

Gleb akachovya kalamu, akampa mafua palepale. Mzee akataka asomewe tena, akacheka mpaka dada yake akaja na maji. Kisha usingizi ukamchukua akiwa ameshika mkono wa koti la Gleb. Chai ikapoa mezani. Gleb hakuuvuta mkono wake.