Kivuli cha Saa Sita

Siku ile mjinga alikuwa Antoni, na hata yeye mwenyewe hakatai. Kuna watu hufanya ujinga wao chumbani, wakafunga mlango, wakatoka wamenawa uso. Wa Antoni ulishuhudiwa na soko zima la Mwaloni pale Kirumba, kuanzia wapagazi mpaka wauza dagaa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine.

Lakini ujinga haukuzaliwa sokoni. Ulizaliwa Lukesi, kisiwa chao, jiwe lililotupwa mbali ziwani. Ukitoka Mwanza kwa boti unalala njiani. Watu kule ni wengi, udongo haba, na kuni ndiyo usiseme. Wanawake wanapikia mabua ya uwele na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na ukiokota kijiti njiani utaulizwa umekitoa kwa nani. Kwa shida hiyo watu wa Lukesi wana sheria yao: shamba lina mwenyewe, na mti uliosimama ndani ya shamba hilo unaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mwenye mti ana haki ya kuuendea, kuukalia, hata kujenga kibanda, mradi asivuke pale kivuli chake cha saa sita mchana kinapoishia. Hafukuzwi na mtu.

Baba yao alipoona safari imekaribia, shamba alimpa Antoni, maana mtoto wa kike hapewi ardhi. Bernadeta, dada mkubwa, akampa mti wa omubire uliokuwa katikati ya shamba hilo.

Omubire ulikuwa hauna ndugu. Zamani ilikuwepo michache kisiwani, ukabaki huo. Mtaalamu wa miti aliwahi kuja na mkasi na magazeti ya kukaushia majani, akazunguka Ukerewe, Ukara na bara, akarudi kusema hajauona kwingine. Kila Septemba, kisiwa kikiwa kimekauka kama ngozi ya ngoma, mti ulipukutisha majani ukachanua juu ya gome tupu, maua ya rangi ya kiini cha yai yakaufunika kuanzia shina, nyuki wakavuma mpaka wavuvi wakageuza shingo.

Bernadeta hakukosa Septemba hata moja. Mumewe alifia Igoma, na ndugu wa mume wakaitaka nyumba kabla waombolezaji hawajamaliza chai. Akapanga chumba Kirumba, akawa anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Akifika Lukesi, mke wa Antoni humuuliza kwa sauti ya asali, "Wifi, umekuja kukaa sana?" Naye hujibu, "Nimekuja kwenye mti wangu." Mazungumzo yanaishia hapo. Mwaka ule alikuwa ameshakusanya mabati, moja moja, ameyalaza chini ya kitanda. Septemba angekwenda kujenga chini ya omubire, aache kuhesabiwa siku na wenye nyumba.

Antoni naye kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguza. Ilikuwa miaka ya ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, na kwa wengine kama yeye, ruksa kwenda nyumbani. Alirudi Lukesi na redio na maneno ya mjini, akawa anawaita washamba watu waliomlea.

Ndipo akaja Nkwabi, mfanyabiashara mwenye boti na tumbo, akitafuta kuni za kubanikia sangara wa kupeleka Kongo. Akauzunguka omubire kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

"Mti huu wa nani?"

"Uko shambani kwa nani?" Antoni akajibu, kifua mbele.

"Kwako."

"Basi mti ni wa mwenye shamba. Mambo ya ujamaa yamekwisha, mzee."

Nkwabi akacheka, akamshika bega. "Wewe umeelimika. Wewe utakuwa mbia wangu."

Mbia! Neno hilo lilimlewesha Antoni kuliko gongo. Wakaukata Jumapili, watu wakiwa misani, matumba ya maua yakiwa ndiyo kwanza yanatokeza kwenye gome. Hakujiuliza hata kidogo: kisiwa ambacho watu wanagombania bua la uwele, imekuwaje gogo nene hivi limesimama tangu enzi za babu na hakuna aliyelitamani? Hata mbuzi angejiuliza.

Jibu alilipata Mwaloni, sangara waliobanikwa kwa kuni hizo waliposhushwa kwenye matenga. Mama mmoja wa Kikongo, mnunuzi mkubwa, alimega samaki wa kwanza, akatafuna, akatema. Akamega wa pili kutoka chini ya tenga. Akatema mbali zaidi.

"Hii ni samaki ao ni dawa?"

"Dawa ya minyoo, mama!" mpagazi akadakia. "Kula mmoja, funga duka la dawa!"

Soko likaangua kicheko. Nkwabi akaonja, macho yakamtoka.

"Moshi gani huu, Antoni?"

"Si tumebanika pamoja, mbia wangu?"

"Mbia wako nani?" Nkwabi akasema, akapanda boti yake. Matenga akamwachia, yeye na nzi.

Karai la Bernadeta lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alimega samaki, akatafuna polepole. Hakutema. Alimeza, na uso wake ukabadilika kabla hajasema neno.

"Siku moja nilichoma kijiti chake jikoni," akasema. "Sufuria nzima ya uji ikawa hivi. Mama alinichapa mpaka majirani wakaja. Wewe ulikuwa bado mgongoni." Akayatazama matenga. "Mmeukata wote?"

Antoni akatazama miguu yake. "Ulikuwa mti tu, dada."

"Nimeuliza, wote?"

"Kisiki kipo."

"Kisiki kina kivuli?"

Wachekaji wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka biashara yake. Bernadeta akarudi kwenye karai. Antoni akamfuata kama kifaranga, maneno yakimtoka yamekanyagana: kwamba Nkwabi alimdanganya, kwamba kisiki huenda kitachipua, kwamba angemtafutia mwembe mzuri, wa matunda.

"Tena mabati yako yalete vilevile," akasema. "Jenga unapotaka. Pale kisimani, pale kwenye mihogo, nimekuruhusu. Damu ni damu."

Bernadeta akatumbukiza panki kwenye mafuta. Likalia.

"Umesikia, dada? Mbona unafanya mambo kuwa makubwa? Shamba ni langu, mimi ni mdogo wako wa tumbo moja. Nani atakufukuza pale?"

"Mwenye shamba," akasema Bernadeta, akaligeuza panki upande wa pili.