Sauti Ndani ya Makoti

Muziki wa mjukuu wangu una jina refu la kigeni, linaishia na hadikoo. Alinifundisha kulitamka, nikajaribu, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nauelewa hivi: yeye anapiga kelele kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, na msichana wa gitaa la besi, ambaye wenzake wanamwita Chiriku, anaimba juu yake taratibu, kama anayempulizia hicho kidole. Kisha magitaa yanawafunika wote wawili. Mara ya kwanza jirani alikuja kuuliza kama tunachinja. Nikamwambia ndiyo, tunachinja ukimya.

Walikuwa wakifanyia mazoezi chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya marehemu mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa lori la masafa, na stoo ile ilijaa matairi na madebe ya oili. Baada ya msiba mjukuu aliyatoa yote, akapigilia ukutani magodoro ya zamani, mablanketi yaliyochoka na zulia moja lililotobolewa na panya, mpaka chumba kikawa kama tumbo la mnyama. Wakipiga, vikombe vyangu jikoni vinatetemeka kwenye visahani vyake, nami nafurahi, maana nyumba ina watu. Mjukuu nimemlea mimi na babu yake tangu anatambaa, lakini siku hizi amepanga chumba ng'ambo ya soko, anakuja siku za mazoezi tu. Siku wasipokuja nasikia friji ikijiwasha na kujizima. Nyumba ya mtu mmoja, friji ndiyo mzungumzaji.

Mwaka huu wakawa wanatengeneza albamu mpya. Ya kwanza waliirekodi harakaharaka, na mjukuu haipendi, anasema inasikika kama imepigwa ndani ya sufuria. Hii walitaka itoke sawasawa. Siku ya kuitoa ilishatangazwa, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sauti za wimbo wa mwisho. Fundi mitambo angekuja nyumbani na mashine zake za kurekodia mchana mmoja tu, jioni anasafiri kwenda kazi nyingine ya mbali.

Sasa mimi katika hayo yote nilisikia neno moja: mgeni. Mgeni haingii kwenye vumbi. Asubuhi ile nilibandua kila kitu ukutani. Magodoro nikayachapa kwa fimbo, nikayasugua kwa maji ya sabuni. Mablanketi nikayaloweka, nikayafua, nikayaanika uani pamoja na zulia. Kuta nikazifuta, sakafu nikaipiga deki, nikaweka kiti chenye kitambaa cha kufuma ili fundi akalie kwa heshima. Chumba kilipong'aa nikajisemea, hata marehemu leo angevua viatu.

Wakafika mchana. Fundi mitambo, mtu mzima mwenye kipara na adabu, akanipa shikamoo yake, akasimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja. Chumba kikamjibu. Akapiga la pili, kikamjibu tena, kama kwamba upande wa pili kuna mtu. Akatazama kuta tupu, akatazama uani, mablanketi yanachuruzika maji. Mpiga ngoma, kijana mnene wanayemwita Nyundo, akauliza kwa sauti ya chini nani ameyafua. Chiriku akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Bibi kafanya usafi," mjukuu akasema.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alikaa kizingitini akiangalia viatu vyake. Fundi akanieleza kwa upole kwamba mwangwi ukishaingia kwenye sauti hautoki, ni kama chumvi kwenye mchuzi. Wakajaribu jikoni, friji ikawakatalia. Wakajaribu ukumbini, pikipiki zinapita nje bila huruma. Fundi akatazama saa, akauliza kama nyumba ina mahali penye nguo nyingi, nguo nzito, kwa sababu nguo humeza mwangwi vizuri kuliko hata godoro.

Mjukuu akasema hapana, haraka mno.

Kabati la marehemu liko chumbani kwangu, la milango miwili. Ndani yamo makoti yake ya safari, marefu, mazito, aliyokuwa akijifunika akilala njiani sehemu za baridi. Tangu azikwe sikuwa nimelifungua. Ufunguo niliuvaa shingoni. Jumapili nilikuwa naweka pua kwenye ufa wa milango, na yeye yumo humo: dizeli, sabuni ya kipande, tumbaku, na kitu kingine kisicho na jina ambacho ndicho yeye. Harufu haina akiba, ukiitoa imetoka. Mjukuu alilijua hilo. Siku moja alinikuta nimeegemea pale, akarudi kinyumenyume kama aliyefungua choo akakuta mtu.

"Tuache, bibi," akaniambia, amechuchumaa mbele yangu. "Albamu itatoka bila huo wimbo. Si kitu."

Nikamuuliza wimbo wenyewe unahusu nini. Akawa anachokonoa kucha. Aliyejibu ni Chiriku.

"Wa babu."

Siku ya maziko mjukuu hakulia. Alishika sepetu akafukia mpaka mwisho, akaiosha, akairudisha kwa mwenyewe. Watu wakasema kijana ana moyo mgumu. Mimi niliona maji yaliyojaa yakakosa mkondo. Na tangu siku ile, kila nikimtaja babu yake, anakumbuka kazi ya kufanya mahali pengine.

Nikaivua kamba ya ufunguo shingoni.

Mlango ulikwama kidogo, kisha ukaachia. Nilivuta pumzi yote ninayoweza kuvuta. Halafu nikasogea wapite.

Wakamsimamisha mjukuu ndani, makoti yamembana mabega huku na huku, maiki mbele ya mdomo, hedifoni masikioni.

"Mke wangu," akanitania, maana ndivyo tunavyoitana bibi na mjukuu, "huyu mume mwenzangu ananisukuma."

Nikamwambia amvumilie, alikuja kwanza. Fundi akaniomba nikae kitandani nisitikisike, kwa kuwa springi za kitanda changu zinalia, na ile maiki inasikia hata mtu akimeza mate.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba muziki ungebaki masikioni mwake peke yake. Magitaa na ngoma vilikuwa ndani ya hedifoni. Sisi chumbani tulisikia sauti yake tu, haina hata shuka la kujifunika. Maneno sikuyashika, lakini ilipotoka pale kwenye makoti nilijua hiyo si kuimba. Mtoto alikuwa analia. Analia kwa kipimo, ananyamaza, anasikiliza, anaanza tena mahali panapotakiwa. Lakini ni kilio. Mishipa ya shingo imemtoka. Ameshika mkono wa koti moja kama mtoto anayevushwa barabara. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Nikatulia. Ningeinuka, kitanda kingepiga kelele, naye angeambiwa aanze upya.

Fundi alisema "tena" mara kadhaa, kisha akainua kidole gumba. Chiriku akaingia na sauti yake laini, uso ameuficha kwenye koti la kahawia. Jua lilikuwa bado kali fundi alipokunja nyaya zake, akanishukuru kwa mikono miwili, vijana wakamsindikiza kwenye basi. Mjukuu alinikumbatia bila kunitazama usoni, akatoka nao.

Nikaingia kabatini. Jasho la kijana, marashi ya Chiriku, vumbi. Nikatafuta kwenye kola, nikatafuta kwenye makwapa, nikaingiza pua mifukoni. Dizeli ilikuwepo kidogo. Mwenyewe hakuwepo. Milango nikaiacha wazi, sikuwa tena na cha kufungia.

Albamu ikatoka. Watu wameipenda kuliko ile ya kwanza, bendi inaitwa mji huu na mji ule, na mazoezi wanayafanyia hukohuko safarini. Magodoro yalikauka, nimeyaegemeza ukutani, sina wa kuyapigilia. Mjukuu aliniwekea albamu kwenye simu. Naisikiliza mchana nikichambua mchele, na wimbo wa mwisho ukifika mkono unasimama wenyewe. Maneno bado siyapati, kelele imeyatafuna.

Juzi akapiga, kabla hawajapanda jukwaani. Nikamuuliza kama anakula, akasema anakula. Akauliza mguu wangu unaouma, nikasema unatembea. Ndipo nikamwomba anitajie maneno ya ule wimbo, polepole, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa.

Nyuma yake palikuwa na watu wengi, na Nyundo anajaribu ngoma.

"Ni machache, bibi."

"Yataje."

"Umezima lori, hukutuambia kama tumefika." Akakohoa. "Basi. Tunayarudia hayohayo."

Nilitaka kumjibu, na kinywa kilishafunguka. Lakini mtu akamwita, akasema mke wangu naitwa, nitakupigia, na ile kelele ya watu ikakatika. Nikabaki na simu sikioni mpaka ikapoa.