Alama ya Dole Gumba

"Mama, zimetakata, eeh?"

Mkamwana alisimama mlangoni akitabasamu, mikono imelowa hadi viwikoni. Mezani sarafu zote zilikuwa zinameremeta kama vijiko vipya.

Mama mkwe wake, mwalimu wa kukusanya sarafu za kale, alijikuta ameketi bila kukusudia. Kila Jumamosi, sebuleni hapa hapa, neno la kwanza kwa wanagenzi wake lilikuwa hilo hilo: sarafu ya zamani haisuguliwi. Weusi wake ndio umri wake, ukiutoa, umeiua. Sasa huyu binti, aliyeolewa na kuhamia juzi tu, ameamka na limau na majivu ili amfurahishe mama mkwe. Loo!

Sarafu za kufundishia zingemuuma, lakini angelala. Iliyomtia jakamoyo ni moja, senti ya shaba ya marehemu mumewe. Alikuwa fundi baiskeli, na ndiye mwanafunzi wake wa kwanza na mbovu kuliko wote. "Shika ukingoni, baba watoto!" alimkemea siku ile. Wapi! Vidole vimejaa grisi, akaibana katikati kama anayekaza nati. Alama ya dole gumba ikaganda pale, mistari yote. Picha zake mwalimu alikuwa nazo tele, ila mkono wake ulibaki kwenye senti hiyo tu.

"Kuna moja ya shaba," alisema. "Ina alama ya kidole."

Tabasamu likamtoka mkamwana. "Nimekosea, Mama?"

"Iko wapi, mwanangu?"

"Ile chafu kupita zote? Hiyo niliiweka ya mwisho..."

Mwalimu akafumba macho.

"...halafu limau likaniishia. Nilikuwa nataka kwenda dukani, ndipo ukaingia."

Alikimbia jikoni akarudi nayo, ameibana kwa vidole vilivyolowa, akamtia kiganjani. Mwalimu akaisogeza dirishani. Mistari ilikuwepo yote, hata kovu dogo la bisibisi katikati yake. Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena.

"Ahsante limau kwa kuisha!" alisema.

"Na hizi nyingine?" Mkamwana alikuwa karibu kulia.

"Hizo ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Leo zitafundisha. Nawa mikono, wanagenzi wakifika ukae nao."

Darasa lilipoanza, mwanagenzi mmoja, kinyozi mstaafu, aliichagua sarafu inayong'aa kuliko zote. "Hii ndiyo mali!"

"Asiyejua maana haambiwi maana," mwalimu alimtania, na sebule nzima ikaangua kicheko. Mkamwana alicheka kuliko wote, huku ameshika sarafu yake ukingoni, ulimi umemtoka pembeni kwa uangalifu.

Jioni, wanagenzi walipokwisha kuondoka, mwalimu alichukua senti airudishe katika pakiti yake. Akaigeuza. Upande wa pili, ambao miaka yote haukuwa na alama, maji ya limau yalikuwa yameipausha shaba. Doa hilo lilikuwa alama ya dole gumba jingine, jembamba, la kike.

Kwa mazoea alinyoosha mkono kuchukua kitambaa laini. Akakirudisha.

"Mama," mkamwana aliita kutoka jikoni, "kwa hiyo, senti hiyo haifutwi hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu," alisema, akaiingiza senti pakitini taratibu, ameishika ukingoni.