Afande Kwenye Baraza la Mkoa

Miaka ishirini na sita alivaa magwanda ya polisi. Alipostaafu akagombea ujumbe wa baraza la mkoa, akashinda kwa kishindo. Watu walimwita Mheshimiwa kwa wiki mbili, kisha wakarudi kwenye Afande, maana mazoea yana tabu. Hata yeye hakuyaacha mazoea ya kaunta ya polisi. Kila aliyemletea shida alimwandika kwenye kitabu kikubwa, akampa namba kwenye kikaratasi, akamwambia aende nyumbani, linafanyiwa kazi. Ajabu ni kwamba watu waliondoka wamepona nusu.

Namba arobaini na moja alikuwa shemeji yake, fundi cherehani, mjane wa askari mwenzake wa doria. Huyo ndiye aliyemshonea suti ya kampeni, akazunguka mtaa mzima akigonga milango. "Huyu mpeni," alikuwa akisema, "huyu hana uongo." Sasa barabara mpya ilikuwa inapita sebuleni kwake. Ukuta ulishapigwa alama ya X nyekundu, na ilani ilisema Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Shemeji, si wewe ndo serikali sasa?"

"Niachie mimi," Afande akajibu.

Niachie mimi! Enzi za kituo, akilitamka asubuhi, jioni mwizi yuko nyuma ya kaunta na redio ya watu imerudi. Kwenye baraza walimpiga danadana. Mwenyekiti alimtuma kwa mhandisi. Mhandisi, akimenya karanga juu ya ramani, akamwambia mstari ukishachorwa hauna shemeji. Wizarani wakamrudisha kwa mwenyekiti. Kwenye kikao alinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi, akapewa dakika mbili, wajumbe wakapiga meza kumpongeza kwa hoja nzito, halafu wakaendelea na ajenda ya viti vipya vya ukumbi. Alirudi nyumbani akaona haya hata kumtazama mkewe.

Jumatano jioni shemeji alipiga simu.

"Vipi, nianze kutoa vitu?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini mtu mzima na cheo chake akashindwa kulitema.

"Subiri kwanza," akasema.

Alhamisi alifika saa tatu kamili, tingatinga limemtangulia. Cherehani nne, vitambaa vya wateja, kitanda, picha za marehemu, vyote vilikuwa bado ndani. Majirani walikuwa wamekaa chini mbele ya mlango, na vijana wameshika mawe. Upande wa pili walisimama askari sita na inspekta mwembamba ambaye Afande mwenyewe alimfundisha kazi.

Inspekta alipiga saluti. "Afande, watu wangu hawatoshi. Jiwe moja likirushwa hapa, amri niliyo nayo ni ya risasi. Nakuomba ongea nao, wewe wanakusikia."

"Nipe saa moja, mwanangu. Mama wa watu atoe vitu vyake."

"Wakubwa wako kwenye simu, Afande. Sina hata dakika tano."

Afande aliwatazama wale vijana. Wawili kati yao aliwajua tangu wananyonya. Hakuona njia nyingine. Akawageukia watu, na ile sauti ya gwaride ikamtoka bila kuiita.

"Wekeni mawe chini! Wote, rudini nyuma!"

Wakatii. Mawe yalianguka moja moja, waliokaa wakainuka wakijipangusa vumbi. Nusu saa nzima askari hawakuweza kumwondoa hata mtoto pale mlangoni, yeye alitumia maneno sita. Wa kwanza kuondoka alikuwa shemeji yake. Uso umemng'aa, akawa anawavuta majirani mikono, anawahimiza.

"Pisheni jamani, pisheni! Shemeji yangu ameshaongea nao!"

Afande alifungua mdomo kumwambia sivyo, na tingatinga likawashwa.