Adabu za Hilary Tapsell

Hilary Tapsell alikuwa na ugonjwa ambao hauna dawa katika duka lolote la Bedford: alikuwa na adabu. Mtu akimkanyaga mguu sokoni, yeye ndiye aliyeomba radhi. Akiletewa supu iliyopoa mkahawani, aliinywa yote na kumsifu mpishi. Adabu hizo alizirithi kwa mama yake pamoja na seti ya vikombe vya kauri, na vikombe angalau vilimfaa.

Fleti yake ilikuwa ghorofani. Chini walikaa Godfrey Lumb na mkewe Marjorie, na Godfrey hakuwa jirani tu. Nyumba nzima ilikuwa yake, na ardhi chini yake pia. Hilary alikuwa amenunua fleti, ndiyo, lakini kwa hati ya miaka tisini na tisa, na miaka hiyo ilikuwa ikiliwa mmoja mmoja. Kila Mwingereza mwenye hati kama hiyo anajua pa kuogopa. Miaka iliyobaki ikizidi themanini, bei ya kuongezewa muda huvumilika. Ikifika themanini tu, sheria inampa mwenye ardhi fungu jingine nono, na bei inaruka.

Hilary alitaka kuuza ahame. Magoti yake yalikuwa yamezikataa ngazi, na kule Cromer, mlango wa pili kutoka kwa mdogo wake Avril, kulikuwa na kinyumba kisicho na ngazi hata moja, ambacho mwenyewe alikubali kumsubiri hadi mwisho wa kiangazi. Wakala wa nyumba hakumficha kitu. Rekebisha hati kabla ya katikati ya Juni, inapofika themanini, alimwambia, ndipo uuze. Ukichelewa, hutabakiwa na hela ya kununua hata banda la kuku.

"Mpelekee Godfrey notisi ya kudai kuongezewa muda," Avril alimwambia kwenye simu. "Karatasi moja tu ya wakili. Ikimfikia kabla ya siku hiyo, hana ujanja."

"Notisi? Kwa Godfrey? Avril, tunakula pamoja Krismasi."

"Basi mle, na notisi iwe mezani."

"Atafikiri nimemshtaki."

"Mwache afikiri. Kufikiri ni bure."

Hilary akafanya kama watu wake wafanyavyo. Alioka keki ya limau akashuka nayo. Walizungumza habari za mvua, kisha mawaridi, kisha mvua tena, ndipo akalifikia jambo lenyewe kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Hilary mpenzi, mawakili wa nini?" Godfrey alicheka. "Watatunyonya sote wawili. Mimi na wewe tutaandikiana hapa hapa mezani, kwa bei ya ujirani. Ngoja tu nipate nafasi."

"Sina haraka," alisema Hilary, ambaye haraka ilikuwa ikimchoma.

"Haraka ya nini, na tuko nyumba moja?" alisema Marjorie kutoka kwenye kochi, akamega kipande cha pili cha keki.

Nafasi haikupatikana. Mwezi Machi Godfrey aliumwa mgongo. Mwezi Aprili Marjorie aliambiwa na madaktari kuwa ana saratani na kwamba hataiona Julai. Sasa nani angethubutu kutaja hati? Kuuliza si ujinga, walisema wahenga wetu, lakini kwa kina Hilary kuuliza mbele ya mgonjwa ni unyama. Badala yake alishuka kila asubuhi na magoti yake yale yale. Alimwogesha Marjorie, akamnywesha mchuzi wa kuku kwa kijiko, akamchana nywele zilizokuwa zikibaki kwenye kitana. Godfrey alimwona akihangaika na ngazi, akamsifu kwa moyo wake.

"Lile jambo letu sijalisahau," alimwambia siku moja mlangoni. "Hebu tuvuke hili kwanza."

Hilary alikaribia kulia kwa shukrani. Ndiyo, shukrani, kuna watu wameumbwa hivyo, na wenye nyumba wanawajua kwa harufu.

Marjorie alifariki Juni ilipoanza. Maziko yakapangwa Alhamisi, na siku ya mwisho ya ile hati kuzidi miaka themanini ilikuwa kesho yake.

"Wakili anaweza kuipeleka ile notisi leo," Avril alisema.

"Avril, tunamzika mtu."

"Marjorie hana haraka tena. Wewe unayo."

Hilary alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Ijumaa nzima alikuwa jikoni kwa Godfrey akiosha sahani za waombolezaji.

Wiki iliyofuata Godfrey alimwita. Alikuwa amevaa tai. Mezani palikuwa na barua ya wakili, imepigwa chapa vizuri, na ndani yake bei iliyozidi mara mbili ile aliyoitaja wakala.

"Sasa nimepata nafasi," alisema Godfrey.

Hilary aliisoma, akairudia. "Ulisema bei ya ujirani."

"Hiyo ndiyo. Wakili alitaka zaidi."

"Tarehe ulikuwa unaijua?"

"Hilary, nyumba ni yangu. Ulidhani siijui?"

Hilary akatafuta neno kali kuliko yote aliyokuwa nayo, akalipata. "Marjorie angeona aibu."

Godfrey hakukasirika. Alimtazama kama kwa huruma, akamsogezea kiti, na Hilary hakukaa.

"Marjorie ndiye aliyeniambia ningoje," alisema. "Mimi nilitaka tuyamalize mapema, kelele ziishe. Akasema, 'Tulia, Godfrey. Mradi niko kitandani, huyu hatauliza. Na nikifa ndio kabisa.' Alikufahamu sana mke wangu. Alikupenda pia, kwa namna yake."

Hilary aliomba ruhusa aondoke, akapewa. Kupanda kwake kulichukua muda mrefu. Alikuwa akiyafikiria yale macho ya Marjorie yaliyomtazama kutoka kitandani kila asubuhi, yakimfuata kutoka beseni hadi taulo, macho aliyoamini kwamba yalikuwa yakisema asante. Aliyachukia, na akajichukia mwenyewe zaidi.

Alipofika juu alimpigia Avril. "Mwambie mwenye kinyumba auzie mwingine," alisema. "Siwezi tena."

Avril hakusema nilikwambia, ingawa alistahili kusema. "Kwani Godfrey amesemaje?"

"Nilimwogesha yule mwanamke," alisema Hilary. "Nilimwogesha kila siku, Avril, naye akinihesabia siku."