Jina Lililolala Zizini

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya madhabahu ya kanisa letu, nimempakata mjukuu wangu asiye na jina, na beseni la ubatizo likaniambia nivue viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Sina desturi ya kuota. Walimu walionilea katika shule ya misheni walitufundisha kwamba ndoto ni za Yusufu na Danieli, na kwamba mtu mwingine yeyote akiota, chanzo ni maharage. Kwa hiyo nayasimulia niliyoyaona kama yalivyokuwa, wala siyatetei.

Lakini ni haki kwanza niyaeleze yaliyotangulia. Mwanangu Yoeli na mkewe, Nakijwa, wamejaliwa mtoto wa kike, naye atabatizwa Jumapili hii. Huku kwetu milimani mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe. Nakijwa, tangu ajifungue, anaitwa "Mama Mtoto", kana kwamba alizaa kwa niaba ya kijiji kizima. Jana mezani nilimwuliza jina. Akamtazama mumewe; mumewe akautazama ugali.

"Lipo moja tunalolipenda, Baba," akasema Nakijwa. "Ila ni la ajabu kidogo."

"Litaje."

"Manyunyu."

"Hilo ni jina la ng'ombe wetu."

"Ndiko nilikolisikia," akasema. "Kila asubuhi namwita, naye ananiitika, na siku yangu inakuwa nyepesi. Nilipokuwa na mimba nikawa namwita hata asipokuwa na haja ya kuitwa."

"Watamcheka shuleni," akadakia Yoeli, kabla sijafungua kinywa. "Nimemwambia, Baba. Watamwuliza anatoa lita ngapi."

"Basi ataitwa Loisi," nikasema. "Bibi yake Timotheo. Hakuna aliyepata kumcheka."

"Ndiyo, Baba," wakaitika wote wawili, kwa sauti ya watu waliomeza dawa ya minyoo. Nakijwa akaondoa vyombo, ingawa mimi nilikuwa sijamaliza kula.

Jina hilo la Manyunyu halikosekani zizini kwetu. Ng'ombe akizaa jike, ndama hulirithi. Wa kwanza kulibeba alikuwa ng'ombe wa mama yangu, nami nilikuwa mtoto mchanga. Wala sikuwahi kujiuliza lilikotoka.

Sasa nimo kanisani, miguu mitupu, na sakafu ni baridi.

"Jina?" linauliza beseni.

"Loisi," nasema.

"Lipandishe kwenye mizani."

Nageuka. Palipokuwa na mimbari pana mizani ile ya chama cha ushirika, inayopima kahawa, imevaa joho la mchungaji. Natazama mkononi mwangu, naona gunia dogo lililofungwa vizuri kwa kamba ya katani. Naliweka. Mshale hautikisiki.

"Halina kitu," inasema mizani.

"Ni jina la Maandiko," nasema.

"Sikupinga. Kwa mwenyewe lilikuwa zito sana. Hapa tunapima lilivyopendwa na wanaompa mtoto huyu, na wanaompa mtoto huyu hawakulipenda hata punje. Ondoa gunia, watu wanangoja."

Nakumbuka kwamba mimi ni mzee wa kanisa, nami huzungumza na mizani nikiwa nimesimama wima. Nikaiambia kwamba upendo haukuwa kamwe sharti la jina. Mimi mwenyewe ni Obadia, na hakuna aliyeniuliza kama linapendeza.

"Tulilipima la kwako pia," ikajibu. "Obadia ni kitabu cha sura moja. Watu hukifungua wakikitafuta cha Yona."

Ni kweli, mimi mwenyewe hufanya hivyo.

"Kama unataka jina lenye uzito," ikasema mizani, ikilivua joho na kulikunja, "yanakaa nyuma. Pita mlango wa sakristia."

Mlango wa sakristia unafunguka kwenye korido ya zahanati. Pande zote mbili pana mabenchi, na kwenye mabenchi yamekaa majina. Siwezi kueleza jina lililokaa linafananaje. Mtu akiliona analijua. Yalikuwa yamevaa nguo za kwenda safari, nguo ambazo zimepigwa pasi na hazijaenda popote.

"Umeitwa?" likaniuliza la karibu, jina la kiume lenye mabega mapana.

"Hapana. Nawe?"

"Mimi ni Jemedari. Nilipendwa miezi tisa kamili. Baba mtu alikuwa akinitamka bafuni, mlango umefungwa. Mtoto alipozaliwa akasema, 'Je, akiwa mfupi?' Akamwita Joni."

"Alikuwa mfupi?"

"Mrefu kama mnazi," likasema. "Kila nikimwona anapita, natazama pembeni."

Lililokaa mkabala likacheka kwa pua. "Wewe shukuru ulitajwa bafuni. Mimi ni Ukwaju. Mama mtu alithubutu akanitaja mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akauliza, 'Huyo ni mtoto au ni juisi?' Basi. Sijasikika tena."

"Walifanya vema," nikasema, maana sikuona sababu ya kusema uongo. "Jina hilo ni la sokoni."

"Na wewe mzee ni la wapi?"

"Mimi ni Obadia."

Majina yakatazamana. Bibi mmoja aliyekuwa jina Alfajiri akavuta shuka lake, akasogea ili nipate nafasi, kama mtu anavyompisha mfiwa.

"Pole," akasema. "Wewe ndiye yule wa Manyunyu. Manyunyu hakungoja hapa siku nyingi. Alipata kazi zizini."

"Kazi gani?"

"Ya kuitwa," akasema Alfajiri. "Ndiyo kazi pekee tunayoijua."

Kabla sijauliza zaidi, mlango wa mwisho unafunguliwa na sauti inasema kwa ukali, "Anayefuata." Naingia. Ni zizi letu, nalo ni darasa la tatu. Dawati langu lile lile lenye shimo la wino liko karibu na hori. Mbele, kwenye meza ya mwalimu, ameketi ng'ombe wetu Manyunyu, mwenye mimba kubwa, na juu ya pembe zake pana kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Kifurushi kinadondosha maji polepole, kama nyasi za paa baada ya mvua.

"Simama unapoulizwa," anasema ng'ombe. "Jina?"

"Obadia, Mwalimu."

"Sikukuuliza ulilobandikwa. Nakuuliza ulilozaliwa nalo."

"Sina jingine."

"Unalo. Ninalo mimi." Akainamisha kichwa, kifurushi kikatikisika, na darasa zima likaingiwa na unyevu mwembamba usioweza kumlowesha mtu ila humfanya ainue uso. "Siku uliyozaliwa palikuwa na kiangazi cha kuua migomba. Mama yako alikuwa amelala mlangoni kwa sababu ya joto. Ulipolia, manyunyu yakaanza. Akasema, 'Huyu ni Manyunyu.' Akalisema mara nyingi. Alilipenda jina hilo kama watu wanavyopenda chumvi."

"Hakuniambia kamwe."

"Baba yako alisema watu watacheka. Shangazi zako walikuja, wakacheka, basi akawa amethibitisha. Mwalimu wa misheni akaweka kidole kwenye Kitabu, kidole kikaangukia Obadia. Juma lile lile ndipo bibi wa bibi yangu akazaliwa humu zizini. Mama yako akambeba ndama, akamwambia sikioni jina aliloambiwa asikupe. Watu waliposhangaa, akawajibu, 'Ng'ombe hachekwi.'"

Nilitaka kuketi, lakini sikuwa nimeruhusiwa.

Nasikia maziwa yanapiga ndani ya kibuyu. Pembeni mwa zizi, juu ya kigoda, mama yangu anakamua, mgongo ukiwa kwangu, kijana kuliko mkaza mwanangu. Anaimba kwa sauti ya chini, na katika wimbo hamna neno jingine ila Manyunyu. Sauti hiyo naijua. Niliisikia kila alfajiri ya utoto wangu kupitia ukuta wa udongo. Nilidhani ni sauti ambayo watu huwa nayo kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya watoto huwa na nyingine. Kwangu alikuwa na nyingine: "Obadia, kuni." "Obadia, umechelewa." Hakunipiga, wala hakuninyima chakula. Alinitamka kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Mama," nasema.

"Nani?" Hageuki, maziwa hayakatiki.

"Obadia."

"Ah," anasema. "Yule wa mwalimu." Anasogeza kibuyu. "Mwambie mama yake amkate kucha."

"Wewe ndiye mama yake."

"Mimi?" Anafikiri kwa uangalifu, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. "Mimi nilizaa mmoja, wakamcheka. Nikamficha humu." Akampapasa ng'ombe ubavuni. "Huyu hapa. Hajambo kabisa. Ananiitika."

Basi nikalivua koti langu la ibada, nikalitundika kwenye pembe ya hori, nikamwambia ng'ombe kwamba nimekuja kuchukua mali yangu. Nilisema kwa utaratibu. Akainama. Nikakitia kifurushi kichwani. Kikateleza. Nikajaribu begani, kikapita kama maji kwenye jani la mgomba, nikakidaka magotini.

"Shingo yako imekwisha kukauka," akasema ng'ombe. "Usijisumbue. Jina lina msimu wake, lako lilipita. Nami nimechoka kulibeba. Sisi ni ng'ombe. Tulikubali kulishika kidogo tu, mpaka watu wapate ujasiri, na watu hawakupata. Usiku huu nazaa. Ndama wa kike asiyepewa jina jingine hulichukua la mama yake, nalo litalala zizini kizazi kingine."

"Mimi niko tayari," ikasema sauti changa kutoka tumboni mwake.

"Nyamaza," akasema ng'ombe. "Hujaruhusiwa kuzaliwa."

Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimempakata mtoto. Nikamtafuta, nikamwona amelala horini juu ya majani, macho wazi, akikitazama kifurushi. Tone moja likamdondokea usoni. Hakulia. Akalilamba.

"Watamcheka," nikasema. Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa ya baba yangu, hata kikohozi chake kilikuwamo.

"Watamcheka," akakubali ng'ombe. "Wewe Obadia hukuchekwa. Ulifaidi nini?"

Nikapekua moyoni nipate jibu la kumpa mwalimu. Mama yangu alikuwa amemaliza kukamua. Akapita kando yangu na kibuyu, akasema "Hodi, baba," kama anavyosema mtu kwa mzee asiyemfahamu, akatoka.

"Nitampa mtoto," nikamwambia ng'ombe.

"Ninyi watu humeza maneno mkiyatafuna mara moja tu, ndiyo maana hayawakai. Kwetu ahadi hutafunwa mara mbili. Mimi nimekwisha kuitafuna mara ya kwanza." Akacheua, akatoa jani moja refu la majani ya tembo, yale tunayomlisha, akanipa kwa ulimi. "Maliza."

Nikalitia kinywani. Mimi, ambaye sijapata kula bila kusali.

Kengele ya shule ikalia. Ikawa ni mtoto, analia chumba cha pili, na nje kumekucha. Nimelala kitandani mwangu, blanketi hadi kidevuni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani.

Kutoka zizini nikamsikia Nakijwa akiita kama aitavyo kila asubuhi, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikipita kwenye ukuta wa udongo.

"Manyunyu."

"Naam," nikaitika.

Lilinitoka. Ng'ombe, aitikaye kila siku, safari hii alinyamaza. Nikakaa kitako. Katika umri wangu wote hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuitwa kwa sauti hiyo, na aliyeniita alikuwa ameshika ndoo.

Nyayo zikaja dirishani. "Shikamoo, Baba. Umeniita?"

"Marahaba. Nilikohoa."

"Ng'ombe amezaa, Baba. Ndama wa kike, amekwisha kusimama. Nimwite Manyunyu Mdogo, kama kawaida yetu?"

"Hapana," nikasema. "Mwiteni Loisi."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Baba, Loisi si tulimwekea mtoto?"

"Mlilipenda?"

Hakujibu. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Basi mpeni ndama," nikasema. "Ng'ombe hachekwi."

"Na mtoto je, Baba? Jumapili ni keshokutwa. Mchungaji atauliza."

Mtoto alikuwa bado akilia. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yamechelewa, nikachagua yale ambayo bado yangeweza kumfaa mtu.

"Ingia ukamnyonyeshe mwanao," nikasema, "Mama Manyunyu."

Sikumwona uso. Niliona mkono wake tu, ulishika ukingo wa dirisha kisha ukauachia. Nikasikia akikimbia kuuzunguka ukuta, naye hajapona bado uzazi, na nikataka kumkemea asikimbie, lakini sikuweza kufungua kinywa vizuri. Palikuwa na kitu kati ya meno yangu na shavu. Nikakitoa kwa vidole viwili, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Lilikuwa jani la tembo, lingali na umande. Alama za meno zilikuwa za safu mbili: pana, na chini yake, zangu.